Somo Ulilofeli Halijisajili Lenyewe: Mwongozo kwa Wanaosoma Biashara Vyuo vya Zanzibar

Jumatatu ya wiki ya mitihani, mwaka wangu wa pili, nilisimama dirishani kwa bi mmoja wa usajili na risiti ya benki mkononi. Nje ya ukumbi palikuwa pamebandikwa majina ya watakaofanya pepa ya Takwimu za Biashara saa tatu, na jina langu halimo.

“Shikamoo mama. Jina langu silioni, na ada nimemaliza yote.”

“Marahaba. Ada naiona hapa. Somo hujasajili.”

“Nimesajili mama, nimechagua yote sita.”

“Umechagua, mwanangu. Hukuthibitisha.”

Aligeuza skrini nione. Masomo matano yana alama ya kijani, la sita lina neno moja tu mbele yake: rasimu. Takwimu niliiongeza siku ya pili, baada ya kuthibitisha yale matano, nikafunga simu nikidhani yamekwisha. Pepa ile sikuifanya. Nilisubiri mwaka mzima, maana somo lenyewe likisomeshwa muhula wa kwanza tu, na nikaingia mwaka wa tatu na mzigo wa mwaka wa pili mgongoni. Tokea hapo kila ikifika wiki ya usajili simu yangu haitulii: binamu, mtoto wa jirani, rafiki wa mtoto wa jirani. Ninayowaambia ndiyo haya.

Kabla ya kugusa mfumo

Pakua vitabu viwili vya chuo chako. Cha kwanza ni prospektasi, kinachoonesha masomo ya programu yako, krediti zake na muhula yanaposomeshwa. Cha pili ni kanuni za mitihani, kinachosema itakuwaje ukifeli. Cha kwanza wengi wanacho kwenye simu. Cha pili wanakutana nacho siku wameshaharibikiwa, tena wanasomewa na mtu mwengine.

Skuli ya Biashara ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) iko Chwaka, ZU (Chuo Kikuu cha Zanzibar) iko Tunguu, na kila chuo kina kanuni zake, lakini mifupa inafanana kwa sababu vyuo vikuu vyote viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Anayesoma kwenye taasisi iliyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, atakuta majina mengine ya ngazi, ila mwendo wa usajili ni huu huu. Kwenye kanuni tafuta alama ya kufaulu somo, masharti ya sapu (mtihani wa pili wa aliyefeli), GPA (wastani wa pointi zako) ya chini ya kukuruhusu kuendelea, ukomo wa miaka ya kuwa mwanafunzi, na siku ya mwisho ya kubadilisha masomo. Ziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kanuni zikibadilishwa, uliza kama zinakuhusu wewe au wanaoanza mwaka huo.

Hatua ya kwanza: hesabu krediti

Digrii ya miaka 3 inataka krediti 360 kwa uchache, yaani 120 kwa mwaka, takriban 60 kwa muhula. Krediti moja ni saa 10 za kazi, na ndani yake mna darasa, kusoma mwenyewe, kazi za vikundi na mtihani. Kwa hivyo somo la krediti 12 ni saa 120. Ukiwa na krediti 60 za muhula kisha ukabeba juu yake somo la kurudia la krediti 12, umejiongezea saa 120 ndani ya wiki 15, sawa na saa 8 kila wiki. Jiulize saa hizo utazitoa wapi, khasa kama jioni unasimama dukani au unapokea wageni hotelini.

Tenganisha pia masomo ya lazima na ya hiari. La lazima ukifeli utalirudia tu, hakuna njia ya pembeni. La hiari, vyuo vingi vinakuruhusu kuliacha ukachukua jengine la hiari lenye krediti sawa, lakini hilo uliombe kwa maandishi kwa mkuu wa idara.

Hatua ya pili: chora mnyororo wako

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowagharimu watu mwaka.

Masomo ya biashara yameshikana kama shanga. Uhasibu wa Fedha wa kwanza unafungua wa pili, wa pili unafungua Uhasibu wa Gharama, na mbele huko unakuta Ukaguzi na Kodi. Hesabu za Biashara zinafungua Takwimu, Takwimu inafungua Mbinu za Utafiti, na bila ya Mbinu za Utafiti hukabidhiwi msimamizi wa ripoti yako ya mwisho. Masoko na Uongozi haviko hivyo, mnyororo wake ni mfupi, na somo moja likikwama mengine yanaendelea.

Chukua karatasi moja. Andika masomo yote ya miaka mitatu, kila muhula na safu yake, kisha piga mistari kutoka somo hadi somo linalolitegemea. Zungushia duara yale yanayosomeshwa mara moja tu kwa mwaka, ambayo kwa vyuo vyetu ni mengi. Lenye duara na mistari miwili mitatu inayotoka, hilo ndilo somo la kulilinda kwa meno. Nilipochora langu, nikiwa nimeshachelewa, Takwimu ilikuwa na duara na mistari mitatu.

Hatua ya tatu: usajili wenyewe

Usajili wa masomo kwa kawaida unafunguliwa wiki mbili za mwanzo wa muhula. Usingoje usiku wa mwisho. Usiku huo chuo kizima kimo ndani ya mfumo, ukurasa unazunguka tu, na bando lako linakwisha unautazama. Wakati mzuri ni baada ya sala ya alfajiri.

Toa kwanza namba ya malipo kutoka kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Usilipie namba ya rafiki wala ya muhula uliopita, maana fedha zitaingia pasipo na jina lako, na kuzihamisha ni barua juu ya barua. Ukilipa kwa benki au kwa simu, ngoja malipo yaonekane kwenye akaunti yako. Kama unalipa kwa awamu, angalia kiwango kinachofungua usajili.

Ukishafunguliwa, anza na somo la kurudia kama unalo. Nasema anza nalo. Mfumo unakuletea masomo ya mwaka wako wa sasa yamejipanga, lile la zamani haliletwi; unalitafuta mwenyewe kwa namba yake, mara nyingi kwenye orodha ya mwaka wa chini. Ukianza na mapya utajaza krediti hadi ukomo, na la zamani litakosa nafasi. Baada yake weka ya lazima, kisha ya hiari.

Sasa linganisha ratiba. Anayerudia somo la mwaka wa kwanza akiwa mwaka wa pili karibu kila mara anakuta vipindi viwili vimegongana. Hapo usikae kimya ukasema utakwenda kwa zamu. Nenda kwa mratibu wa ratiba wiki ya kwanza, kabla kumbi hazijagawiwa zikaisha, uliza kama somo hilo lina mkondo mwengine, wa jioni au wa programu nyengine. Uhasibu wa Fedha, kwa mfano, husomwa na wanafunzi wa uhasibu, wa benki na wa ununuzi na ugavi, na mara nyingi upo mkondo usiogongana na wako.

Thibitisha. Kisha toka kwenye akaunti, ingia upya, uone kama kila somo limebaki. Chapisha fomu, ipeleke kusainiwa kama chuo chako kinataka saini, na nakala moja ibaki kwako. Wiki ya tatu muombe mwalimu wa kila somo akuoneshe orodha ya darasa lake. Ukiwa humo, umesajiliwa.

Kubadilisha somo

Kuongeza au kuacha somo kuna siku yake ya mwisho, na baada ya hapo somo ulilosajili ni lako. Ukiliacha bila fomu, ukaacha tu kwenda darasani, linahesabiwa umefeli. Kuna waliobeba E, gredi ya chini kabisa, kwa somo ambalo hawakuwahi hata kununua daftari lake.

Katikati ya muhula

Hapa sina mengi. Mahudhurio: vyuo vingi vinataka asilimia 75. Kozi waki, yaani alama za majaribio na kazi za muhula, na mtihani wa mwisho mara nyingi ni 40 kwa 60, na alama ya kufaulu ni 40. Ukiwa na 14 kati ya 40, unahitaji 26 kati ya 60. Ukiwa na 28, unahitaji 12. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kuingia kwenye mtihani. Na usiondoke darasa la mwisho bila kuiona kozi waki yako imeandikwa na mwalimu, maana jaribio lililopotea huonekana kwenye matokeo kama hukufanya.

Ukiugua siku ya pepa

Watu wanachanganya mambo mawili. Sapu ni mtihani wa aliyefanya akafeli. Mtihani maalumu ni wa ambaye hakufanya kwa sababu inayokubalika: maradhi, msiba wa mtu wa karibu, kujifungua. Tofauti yake ni kubwa, kwa sababu mtihani maalumu unahesabiwa kama wa mara ya kwanza, ukipata A ni A. Sapu haiko hivyo.

Kwa hivyo ukiamka na homa kali, usijikokote ukaenda kufeli ili uonekane una bidii. Nenda hospitali, Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kama uko Mkoani, pata cheti chenye tarehe ya siku ile, na barua yako ifike kwa mkuu wa skuli ndani ya siku zilizotajwa kwenye kanuni. Mwenzako anaweza kukupelekea. Ukishaingia ukumbini na kusaini karatasi, ugonjwa haukusaidii tena.

Matokeo yametoka: soma GPA vizuri

Gredi nyingi za vyuo vyetu zimepangwa hivi: A kuanzia 70, B+ kuanzia 60, B kuanzia 50, C kuanzia 40, D kuanzia 35, na chini ya hapo ni E. Pointi zake ni 5, 4, 3, 2, 1 na 0. GPA ni pointi mara krediti, zijumlishwe zote, zigawiwe kwa jumla ya krediti.

Tuchukue muhula wa kwanza wa mtu. Uhasibu wa Fedha krediti 12 kapata C, pointi 24. Hesabu za Biashara krediti 10, B, pointi 30. Uchumi krediti 10, B+, pointi 40. Misingi ya Uongozi krediti 10, A, pointi 50. Stadi za Mawasiliano krediti 8, B, pointi 24. Kompyuta krediti 10, B+, pointi 40. Jumla ni pointi 208 kwa krediti 60, yaani 3.46. Vyuo vingi hukata baada ya desimali moja wala havikadirii juu, kwa hivyo ni 3.4.

Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Mtu huyu yuko daraja la pili la chini kwa unyoya. Lau ile C ya uhasibu ingekuwa B, pointi zingekuwa 220 na GPA 3.6. Lau ingekuwa E, zingekuwa 184 na GPA 3.0. Somo moja lenye krediti nyingi linaivuta karatasi nzima, na ndiyo maana ninamshangaa anayekesha na somo la krediti 8 analolipenda huku la krediti 12 akilikimbia.

Sapu

Ukipata D au E kwenye somo, na GPA yako haijashuka chini ya kiwango cha chuo, unapewa sapu. Vyuo vingi huziweka mwisho wa mwaka, kabla mwaka mpya haujafunguliwa. Ufaulu vyovyote utakavyofaulu, gredi ya sapu inaishia C. Ukipata 85 utaandikiwa C, na hapo rudi kwenye hesabu ya juu uone C ya krediti 12 inafanya nini.

Sapu nayo inasajiliwa. Ina fomu, mara nyengine ina malipo, na ina siku ya mwisho. Kwa waliotoka Pemba nasema hivi: usiende likizo ukazima simu. Matokeo yanatoka uko Wete au Micheweni, pengine uko juu ya mkarafuu na pishi inakungoja chini, na kikundi cha darasa kina ujumbe mia tatu ambao hujausoma. Muombe kiongozi wa darasa akupigie, si akuandikie. Tiketi ya boti kata mapema na ufike Unguja siku mbili kabla, maana miezi hiyo kusi bado linavuma na safari ya Mkoani ikiahirishwa hakuna msimamizi atakayekusubiri.

Uliza pia kama kozi waki yako inahesabiwa kwenye sapu au pepa inasimama peke yake kwa alama 100. Vyuo havifanani hapa, na maandalizi yanabadilika. Mwenye kozi waki ya 30 anaweza kupumua kama inahesabiwa. Kama haihesabiwi, yuko sawa na mwenye 10.

Keri

Ukifeli sapu, au ukiikosa bila sababu, somo linakuwa keri: unapanda mwaka, unalibeba. Wengi wanadhani keri ni kuja kufanya pepa tu. Keri ni kulisoma somo upya, na mahudhurio yake, na majaribio yake, na kazi ya kikundi pamoja na watoto wa mwaka wa kwanza wanaokuita kaka huku wakijiuliza umefuata nini. Mwalimu asipokujua, kozi waki yako haipo. Wiki ya kwanza nenda ukamwambie, “Mwalimu, mimi nakeri somo lako, nipo kwenye mkondo huu.” Hakuna aibu ndani yake. Mwalimu wangu wa Takwimu aliniweka kiti cha mbele na kila mfano akinigeukia mimi kwanza; mwisho nilitoka na B.

Kanuni ya chuo chako itakwambia kama gredi ya keri inahesabiwa nzima au inaishia C. Itakwambia pia somo moja unaweza kulikeri mara ngapi, na keri ngapi zinaruhusiwa kwa pamoja. Zikizidi hapo, hupandi mwaka.

Jambo jengine linaloulizwa sana: je, somo nililofaulu kwa C naweza kulirudia nisafishe GPA? Ukiwa na ndugu Marekani atakwambia ndiyo, kwa sababu huko vipo vyuo vinavyokubali gredi mpya ifute ya zamani. Kwa vyuo vyetu, jibu la kawaida ni hapana. Aliyefaulu kafaulu.

Mwaka wa mwisho hali ni nyengine kabisa. Hakuna mwaka wa mbele wa kubebea. Keri ya somo la muhula wa kwanza inamaanisha kukaa mwaka mzima kwa somo moja, wenzako wamevaa majoho na wewe unapanda gari ya Chwaka Jumatano kwa Jumatano. Kama ni wewe, uliza ofisi ya fedha kuhusu ada ya somo moja kabla ya kulipa ya muhula mzima.

Kurudia mwaka, kudisko na mkopo

GPA ikiwa chini ya kiwango, au masomo yaliyofeliwa yakiwa mengi, kanuni hukutaka urudie mwaka, au hukutoa kabisa, na hapo ndipo watu wanaposema fulani kadisko. Kabla hujakubali, hesabu GPA mwenyewe kwa kalamu. Gredi iliyosahauliwa kuingizwa huhesabiwa sifuri, na nimeona GPA ikipanda baada ya jaribio moja kupatikana mezani kwa mwalimu. Rufaa ina siku zake chache na ada yake. Andika somo, namba yako ya usajili na unachodai, nusu ukurasa unatosha. Hadithi ya hali ya nyumbani iweke kwenye barua ya kuahirisha mwaka. Kuahirisha nako kuombwe mapema: ukiona katikati ya muhula mambo hayaendi, kuahirisha kwa ruhusa ni bora kuliko kufeli kwa ubishi.

Kwa wenye mkopo, uwe wa HESLB (bodi ya mikopo ya Tanzania) au wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, chuo ndicho kinachopeleka matokeo bodi, na kuendelea kupata mkopo kunategemea kupanda mwaka. Anayekeri amepanda. Anayerudia mwaka hajapanda, kwa hivyo asipange kodi ya chumba wala dahalia akitegemea bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) la mwaka huo. Aende kwa afisa mikopo wa chuo kabla ya muhula kuanza, na barua ya matokeo mkononi.

Fomu zako zote za usajili, risiti, barua na matokeo ya kila muhula weka kwenye faili moja la plastiki, na picha zake kwenye barua pepe yako. Usilitupe ukimaliza mtihani wa mwisho. Lishike hadi siku utakapopokea cheti na karatasi ya matokeo, ukae kitako palepale ofisini, ulinganishe mstari kwa mstari, somo kwa somo, krediti kwa krediti. Yangu ilikosa somo moja. Lilikuwa Takwimu.